Uzi: Ngozi yenye pumu hutunzwa hata siku ambazo haiwashi

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu pumu ya ngozi, au ukurutu kama wengine wanavyouita, huja pale ambapo ngozi imekwisha kuchubuka na mhusika amekesha akijikuna. Wakati huo kila mtu hutafuta dawa kali, na ni haki yake. Hata hivyo, msimamo wangu, ambao niko tayari kuutetea hapa, ni kwamba sehemu kubwa ya tiba ya ugonjwa huu hufanyika siku ambazo hakuna kipele wala mwasho, yaani siku zilezile ambazo wengi wetu huliacha kopo la mafuta kabatini kwa kudhani kwamba tumepona.

Sababu iko katika ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa limejengwa kwa seli bapa zilizopangwa kama matofali, na katikati ya seli hizo kuna mafuta ya asili, yakiwemo yale yaitwayo seramidi, ambayo huzishikanisha na kuziba nafasi. Kwa mwenye pumu ya ngozi ukuta huo una nyufa: maji ya mwilini hupotea kwa kasi kuliko kawaida, na sabuni, manukato, vumbi na bakteria hupenya mpaka kinga ya mwili inaamka na kuleta uvimbe. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, ambayo huziimarisha seli hizo na kuzisaidia kushika maji. Si kila mgonjwa ana hitilafu hiyo, na si kila mwenye nayo huugua, lakini tangu hapo imekuwa vigumu kuuona ugonjwa huu kuwa ni suala la mzio peke yake. Mtu akijikuna, nyufa huongezeka, vichokozi zaidi huingia, mwasho hupanda, na mkono hurudi palepale. Mafuta ya kila siku hukata mzunguko huo, ndiyo maana mimi siyahesabu kuwa ni urembo.

Ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, kwa taulo wala kwa kulala kitanda kimoja. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wameanza kuwashwa kwa wakati mmoja, hasa usiku, basi washuku upele unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi, na huo una tiba yake.

Nianze na kuoga. Kuoga kila siku hakukatazwi, mradi maji yawe ya uvuguvugu na mtu asikae majini zaidi ya dakika 5 hadi 10. Maji ya moto yana hila: yanapogusa sehemu inayowasha huleta nafuu tamu, kisha huiacha ngozi kavu kuliko ilivyokuwa, na mwasho hurudi kabla hata taulo halijakauka. Sabuni ya kipande, hata ile inayouzwa kuwa ni ya mtoto, kwa kawaida ina pH (kipimo cha asidi) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi hupendelea hali ya asidi kidogo, karibu na 5. Kisafishi kisicho na sabuni wala manukato kinafaa zaidi. Asiyekuwa nacho anaweza kujipaka krimu yake ya kulainisha ngozi kabla ya kujimwagia maji, kisha akaisuuza kama sabuni. Haitatoa povu, na kukosekana kwa povu hakumaanishi kwamba uchafu umebaki. Ajihadhari tu na sakafu, maana huteleza. Sabuni ikibidi, iishie kwapani, kinenani na miguuni. Dodoki na brashi viwekwe kando kabisa. Baada ya hapo ngozi ikandamizwe kwa taulo bila kusuguliwa, iachwe na unyevunyevu, na mafuta yapakwe ndani ya dakika chache kabla unyevu huo haujapotea.

Namna ya kupaka nayo ina mambo yake. Mafuta ya kopo yachotwe kwa kijiko safi, kwa sababu vidole vinavyorudi koponi kila mara hupeleka bakteria humo. Chukua mkono mmoja kwa mfano: weka matone ya mafuta kuanzia begani hadi kwenye kifundo, yakiachana kwa upana wa vidole viwili hivi, kisha yateremshe taratibu kwa kiganja kufuata upande ambao vinyweleo vimelalia, kwa kuwa ukiyasugua kinyume chake unaziba vitundu vya vinyweleo na kujitafutia vipele vya usaha. Usisugue hadi yapotee. Acha ngozi iking'aa, nayo itayanywa yenyewe. Halafu geuza mkono ukague kiwiko kwa ndani. Mara nyingi sehemu hiyo huonekana nzima kabisa, lakini ukipitisha ncha ya kidole unahisi inaparuza. Mparuzo huo hutangulia kipele, na hapo ndipo pa kuongeza mafuta, hata kama macho hayajaona kitu.

Kuhusu kiasi, wengi hupaka kidogo mno. Miongozo ya tiba ya Uingereza hutaja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ugonjwa huu. Anayemaliza kopo la gramu 100 kwa miezi miwili hapaki, anajigusagusa. Mara mbili kwa siku ndicho kiwango cha chini, na mikono huhitaji zaidi kwa kuwa huoshwa mara nyingi.

Je, ni aina gani ya mafuta? Hapa watu hugombana bure. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watoto 550, ulilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito, na haukuona tofauti ya maana kati ya aina hizo nne katika kutuliza ugonjwa. Kwa hiyo mafuta bora ni yale ambayo mtu hatayachoka, mradi yasiwe na manukato. Mafuta mazito ya vaselini huzuia maji kupotea kuliko karibu kitu kingine chochote, lakini yananata na kuchafua nguo. Basi yakae usiku, na krimu nyepesi itumike mchana. Sioni sababu ya kuona aibu kuwa na makopo mawili.

Mengine nitayapitia haraka. Nguo ya pamba inayokaa karibu na mwili ni afadhali kuliko sufu, na nguo mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Sabuni ya kufulia isuuzwe vizuri, na dawa ya kulainisha nguo yenye manukato iachwe. Kucha ziwe fupi. Nguo maalumu za hariri zilijaribiwa kwa watoto 300 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, na mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuogea yalijaribiwa kwa watoto 482 katika utafiti wa mwaka 2018. Vyote viwili havikuongeza faida ya maana juu ya matunzo ya kawaida. Fedha hiyo ni heri inunue kopo lingine la mafuta ya kupaka.

Mama_Pacha

Nashukuru kwa maelezo yako, ndugu mleta uzi. Swali langu ni kuhusu mtoto. Mmoja wa watoto wangu hulia kila ninapompaka krimu, husema inamchoma, na sasa akiona tu kopo anakimbia. Je, nimlazimishe, au hiyo ni dalili kwamba krimu haimfai?

Mleta uzi

Dada yangu, usimlazimishe kabla hujabadilisha aina. Krimu na losheni zina maji ndani yake, na kwa kuwa zina maji ni lazima ziwekwe vihifadhi ili zisiharibike. Vihifadhi hivyo huweza kuchoma kwenye ngozi iliyochubuka. Nyingine zina urea, ambayo ni nzuri sana kwa ngozi nene na kavu ya mtu mzima lakini huchonyota vikali palipo na mkwaruzo. Mafuta mazito yasiyo na maji kwa kawaida hayana haja ya vihifadhi hivyo, na watoto wengi huyavumilia vizuri zaidi. Jaribu hayo kwenye eneo dogo la mkono kwa siku kadhaa kabla ya kumpaka mwili mzima.

Soma pia maandishi ya kwenye kopo. Ukikuta imeandikwa kwamba krimu ina sodiamu laurili salfeti, yaani kiungo cha kusafishia kama cha sabuni, hiyo itumike kuogea na kusuuzwa, isiachwe mwilini. Krimu ya zamani iliyosifika sana kwa jina la krimu ya maji ilikuwa nayo, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba inaweza kuwasha na kuchoma inapoachwa kwenye ngozi, hasa kwa watoto.

Jambo jingine ni kumpa mtoto kazi. Mwache aweke matone yeye mwenyewe kwenye mguu wake, wewe umalizie. Mafuta yasiwe baridi, na kupaka kusiwe kunafuata ugomvi wa kuoga. Mwasho ukimzidi usiku, kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi na kukandamizwa kwa dakika chache humfaa kuliko kuambiwa "acha kujikuna", maneno ambayo hayajawahi kumtuliza mtu yeyote mwenye ugonjwa huu.

Msomaji_Makini

Ndugu mleta uzi, umezungumza kwa kirefu juu ya mafuta, lakini umelizunguka suala la dawa za steroidi, zile za kupaka ili kutuliza uvimbe. Watu wanazitumia, na wengine wameharibika ngozi. Mimi naona ni bora kuziepuka kabisa na kutumia mafuta ya asili, ambayo hayana kemikali. Mafuta ya zeituni yametumiwa tangu zamani bila kumdhuru mtu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimelipokea, na nitalijibu kwa sehemu mbili kwa sababu umeunganisha mambo mawili yasiyofanana.

Kwanza, steroidi. Mafuta ya kulainisha huzuia moto usiwake, lakini ukishawaka, mara nyingi hayatoshi kuuzima peke yake. Pale ngozi inapovimba, kuwasha na kutoa majimaji, krimu ya steroidi inayolingana na mahali na ukali wa tatizo ndiyo tiba ya kawaida, na ikitumiwa inavyostahili ni salama kwa watu wengi. Tatizo ni kwamba neno hilo moja hubeba dawa zisizolingana hata kidogo. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni nyepesi. Betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 ni kali. Klobetasoli ni kali sana. Kumpaka mtoto klobetasoli usoni kwa sababu ilimsaidia baba yake kwenye nyayo ni hatari ya kweli, kwa kuwa ngozi ya uso, kope, kwapa na kinena ni nyembamba na hunyonya dawa kwa wingi. Steroidi kali ikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi na kuonyesha vishipa vya damu. Sehemu kubwa ya uharibifu unaouona hutokana na krimu za kuchubua ngozi ambazo ndani yake mna klobetasoli bila maelezo yoyote, au krimu za mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki, ambazo watu hununua bila kupimwa na kupaka kila kinachowasha.

Kwa upande wa pili, na hili halisemwi vya kutosha, wengi hushindwa kupona kwa sababu ya kupaka kidogo na kuacha mapema. Kipimo chake ni rahisi: kamua dawa kutoka kwenye tyubu, ijae kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni takribani nusu gramu, na hutosha eneo lenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Hupakwa mara moja au mbili kwa siku, kama daktari alivyoelekeza, kwenye sehemu zilizovimba tu, mpaka ngozi iwe laini unapoigusa. Anayeacha mara tu mwasho unapopungua, wakati ngozi bado inaparuza, hujikuta ameanza upya baada ya siku chache, kisha husema kwamba dawa "imemzoea". Kwa wale ambao ugonjwa hurudi palepale kila mara, daktari anaweza kuelekeza dawa ipakwe siku mbili kwa wiki hata baada ya ngozi kutulia. Kwa uso na kope kuna pia dawa ya kupaka iitwayo takrolimu, ambayo si steroidi na haifanyi ngozi kuwa nyembamba, ingawa huchoma kidogo siku za mwanzo.

Mafuta na dawa visipakwe kwa pamoja. Acha nusu saa hivi ipite kati ya kimoja na kingine, usije ukaizimua dawa au kuisambaza hadi mahali isipohitajika. Nani atangulie si jambo la kugombania.

Sasa mafuta ya zeituni. Kila kitu ni kemikali, yakiwemo maji, kwa hiyo tuulize tu kama kinasaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni na mafuta ya alizeti, na ukaona kwamba ya zeituni yalidhoofisha kinga ya tabaka la juu la ngozi hata kwa watu wasio na historia ya ugonjwa huu, ilhali ya alizeti hayakufanya hivyo. Sababu inayotajwa ni wingi wa asidi ya oleiki. Kwa mtoto mchanga mwenye ngozi iliyochubuka naongeza tahadhari nyingine: mafuta ya karanga na mengine ya vyakula yasipakwe penye vidonda, kwa kuwa mwili unaweza kujifunza kuvikataa vyakula hivyo kupitia ngozi kabla mtoto hajavila.

Msusi_Mkongwe

Mimi ugonjwa wangu uko mikononi peke yake. Kazi ni ya kuosha nywele na kushika dawa za nywele kutwa nzima, na vidole vyangu hupasuka kwenye viungo mpaka kufunga kifungo cha shati ni mateso. Nikiwa likizo napona. Nikirudi kazini, mambo ni yaleyale. Je, mafuta pekee yatanitosha?

Mleta uzi

Hapana, hayatatosha, kwa sababu kichokozi kiko kazini na kinarudi kila siku. Kupona kwako wakati wa likizo ni ushahidi ambao daktari wa ngozi angetaka kuusikia, kwa hiyo mweleze hivyohivyo. Kuna kipimo ambacho vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi hukaguliwa, ili kujua kama una mzio wa kitu mahususi, kama vile rangi ya nywele au vihifadhi vya shampuu. Bila kipimo hicho utabaki kukisia.

Wakati unasubiri, vaa glavu zisizo za mpira wa asili kila unapogusa maji au dawa, na ndani yake vaa glavu nyepesi za pamba ili jasho lisikae kwenye ngozi. Zivue mara tu zinapolowa ndani, maana glavu yenye maji ni mbaya kuliko mkono mtupu. Pete ivuliwe kabla ya kazi. Chini yake sabuni hukaa bila kusuuzika, na mara nyingi ugonjwa huanza hapo, kwa umbo la duara lilelile. Mikono ikiwa haina uchafu wa kuonekana, kitakasa mikono chenye kilevi huidhuru ngozi kidogo kuliko kuosha kwa sabuni mara kwa mara, ingawa kwenye mipasuko kitakuchoma. Usiku paka mafuta mazito kwa wingi, hasa kwenye mipasuko, kisha lala na glavu za pamba.

Kijana_wa_Pwani

Mimi ni mweusi sana. Kila ninachosoma kinasema ngozi itakuwa nyekundu, na yangu haijawahi kuwa nyekundu. Nilichobaki nacho ni mabaka, mengine meusi, mengine meupe, na nimeambiwa kwamba yale meupe yameletwa na krimu ya daktari.

Mleta uzi

Umegusa jambo zito. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama rangi ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, na mara nyingi huja kama vipele vidogovidogo vinavyozunguka vinyweleo badala ya bapa pana. Kwa sababu hiyo ukali wake hupuuzwa, hata na wahudumu wa afya. Usitafute wekundu. Linganisha sehemu hiyo na ile ya upande wa pili wa mwili, hisi joto lake, na upitishe kidole kutafuta mparuzo na unene.

Mabaka ya aina zote mbili kwa kawaida huachwa na uvimbe wenyewe, kwa kuwa huvuruga seli zinazotengeneza rangi. Steroidi kali inaweza kufifisha rangi, hilo sikatai, lakini mara nyingi dawa hulaumiwa kwa kosa la ugonjwa, na mgonjwa anapoiacha kwa hofu, uvimbe unaendelea na mabaka huongezeka. Rangi hurudi taratibu, kwa miezi, baada ya uvimbe kuisha kabisa. Krimu za kuondoa mabaka zikae mbali, maana nyingi huichokoza ngozi na kuurudisha ugonjwa.

Muuguzi_wa_Zamu

Naomba kuongeza la dharura. Ngozi ikianza kutoa usaha au maganda ya rangi ya asali, au maumivu na joto vikiongezeka ghafla, huenda bakteria wameingia, na mgonjwa anahitaji kuonwa mapema. Lakini vikitokea vidonda vidogo vya duara, vinavyolingana ukubwa, vimekusanyika pamoja, vinauma kuliko kuwasha, na mtu ana homa, msisubiri kesho. Hiyo inaweza kuwa hepesi, yaani maambukizi ya virusi, iliyosambaa kwenye ngozi yenye pumu, na ikiwa karibu na jicho ni hatari kwa uwezo wa kuona. Mwenye vidonda vya hepesi mdomoni asimbusu mtoto mwenye ugonjwa huu.

Mleta uzi

Nakushukuru sana, hayo nilipaswa kuyatanguliza. Nami nina nyongeza moja ya usalama inayosahaulika katika nyumba zenye makopo mengi ya mafuta. Nguo, shuka na bandeji zilizolowa mafuta ya kulainisha ngozi hushika moto haraka na kuungua kwa kasi, na hilo si kwa mafuta ya vaselini peke yake, ni kwa krimu na losheni pia. Mwenye kupaka kwa wingi asivute sigara wala kukaribia moto wa wazi akiwa na nguo hizo. Zifuliwe mara kwa mara kwa joto la juu kadiri kitambaa kinavyoruhusu, huku mkijua kwamba kufua hupunguza mafuta yaliyonywewa na kitambaa lakini hakuyaondoi yote.